Kebini Ipoe, Injini Ikiwa Imezimwa

Joto la kebini ya lori lililoegeshwa Arusha lina vyanzo vinne: jua linalopenya vioo, paa lililochomwa mchana kutwa, injini iliyo chini ya sakafu, na miili ya wanaolala ndani. Malori mengi yanayopita Arusha kwenda Namanga au kushuka Dar es Salaam yana kebini iliyokaa juu ya injini, na kitanda kiko nyuma ya viti. Lori likizimwa baada ya safari ndefu, chuma cha injini na giaboksi huendelea kutuma joto juu kwa saa nzima au zaidi. Mtu aliyelala hutoa wati 75 hivi; dereva na utingo wake, wati 150. Lakini kioo cha mbele chenye mita 2 za mraba, kikitazama jua la saa kumi alasiri, kinaweza kuingiza zaidi ya wati 1,000. Kwa hiyo jua ndilo la kushughulikiwa kwanza, hasa kwa dereva aliyeendesha usiku na kupumzika mchana.

Njia iliyozoeleka ni kuiacha injini sailensa, yaani ikizunguka lori likiwa limesimama, ili kiyoyozi cha gari kifanye kazi, kwa sababu kompresa yake huzungushwa na mkanda wa injini. Injini kubwa ya dizeli ikiwa sailensa hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa. Usingizi wa saa 8 humaliza lita 16 hadi 24 bila lori kusogea hata hatua moja. Tena mafuta hayaungui sawasawa injini inapozunguka polepole bila mzigo: masizi hujikusanya kwenye nozeli na ekzosti, na dizeli kidogo huteremka kwenye oili. Moshi nao una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua waliolala. Injini yenye tabo huhitaji sailensa ya dakika chache tu baada ya kazi nzito, ili tabo ipoe. Zinazozidi hapo ni hasara.

Kazi ya kwanza isiyo na gharama ni kuchagua upande wa kuegesha. Arusha iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba hupita kusini. Lori likielekezwa kusini katikati ya mwaka, na kaskazini mwishoni mwa mwaka, kioo cha mbele hakipigwi na jua moja kwa moja kutwa nzima. Vioo vya milango, ambavyo ni vidogo, ndivyo hubaki vikipokea jua la asubuhi na la jioni, na hivyo huzibwa kwa pazia. Kizuia jua chenye uso wa kung'aa hufaa zaidi kikiwekwa nje ya kioo, kwa kuwa mwanga ukishaingia ndani sehemu kubwa yake hugeuka joto lisilotoka kirahisi. Paa jeupe lenye sponji chini yake, na mkeka mnene juu ya sehemu ya injini, huzuia joto la paa na la injini.

Kazi ya pili hufanywa na mlima. Jiji liko kwenye miteremko ya kusini ya Meru, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Usiku usio na mawingu, ardhi ya juu hupoteza joto haraka, hewa iliyoigusa hupoa na kuwa nzito, kisha huteremka kuelekea mabondeni. Kebini huipokea hewa hiyo dirisha la upande wa mlimani likifunguliwa kidogo na tundu la paa likaachwa wazi: hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu. Wavu wa chuma huzuia wezi, na chandarua huzuia mbu. Feni ya wati 15 ikikesha saa 8 hutumia wati-saa 120 tu. Usiku wa Juni na Julai halijoto hushuka chini ya nyuzi 15, na hakuna mashine inayohitajika.

Mchana wa kiangazi, maji husaidia kwa kanuni ileile ya mtungi wa udongo: yanapokauka huondoka na joto. Lita moja ikikauka huchukua takribani wati-saa 680. Hewa yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 40, ikipitishwa kwenye sponji iliyolowa, inaweza kushuka hadi nyuzi 21. Dirisha moja sharti libaki wazi, la sivyo unyevu hujaa ndani na kupoza hukoma. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kifaa hichohicho hakiwezi kushusha hewa chini ya nyuzi 27, nayo huwa imelowa.

Huko pwani, na kwenye joto la Korogwe, hufaa kiyoyozi cha umeme cha volti 24 chenye kompresa yake. Betri mbili za aina ya N200 zilizoungwa kwa mfululizo hubeba wati-saa 4,800, lakini betri ya asidi haifai kunywewa zaidi ya nusu. Kiyoyozi kikivuta wastani wa wati 400, wati-saa 2,400 hutosha saa 6. Kebini ikiachwa juani na mvuto ukafika wati 800, hutosha saa 3. Ndiyo maana betri za kiyoyozi hutenganishwa na za kuwashia injini, na huwekewa swichi inayokata umeme mapema. Altaneta huzijaza safarini. Paneli ya jua ya wati 300 juu ya paa, ikipata saa 5 za jua kali, huongeza wati-saa 1,100 hivi baada ya upotevu, na kivuli chake hulikinga paa. Kivuli, upepo na maji vikishatangulia, kiyoyozi hubakiwa na kazi ndogo inayolingana na betri za lori.