Pa Kutembea, Tembea

Mwanariadha wa uwanjani akianza kutembea, watazamaji huguna. Katika ultramarathoni ya milimani (ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195), kutembea ndilo somo la kwanza la mgeni, na ndilo analoligomea kuliko yote. Mlima ukisimama, mzoefu huinama, akaweka viganja mapajani na kupanda kwa hatua fupifupi, pumzi imetulia hata anaweza kupiga soga. Mwenye papara humpita hapo kwa mita chache, kisha huzilipia usiku.

Ndiyo maana siwaamini sana wanaojigamba kwa kilomita za mazoezi. Waulize wameteremka mara ngapi. Kwenye mteremko misuli ya mapaja hurefuka huku imekaza, ikiuzuia mwili usiporomoke, na hapo ndipo inapopata vijeraha vidogo vidogo. Asiyeizoesha atashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume kesho yake. Tumbo nalo lina mazoezi yake: kumeza kiazi cha chumvi mwili ukiwa mbioni, tena kabla ya njaa. Na maji si ya kugida ovyo. Yakizidi, chumvi ya damu huzimuka, na wapo wakimbiaji waliokufa kwa hilo.

Mwaka 1974, huko Kalifornia, Gordy Ainsleigh aliingia kwa miguu katika mashindano ya farasi ya kilomita 160 kuvuka milima ya Sierra Nevada, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42. Wengi humsifu kwa moyo wake. Mimi namsifu kwa kuijua njia: miaka ya nyuma alikuwa ameshaipita akiwa juu ya farasi, akajua wapi inapanda na wapi jua linaunguza.

Kutokana na safari ile yakazaliwa mashindano ya Western States, yenye kikomo cha saa 30. Mwaka 2015 Gunhild Swanson, mwenye miaka 70, aliingia uwanja wa shule mjini Auburn na kumaliza zikiwa zimebaki sekunde 6. Hakuna mwanamke wa umri huo aliyewahi kumaliza kabla yake. Rob Krar, aliyekuwa ameshinda tangu jioni ya jana yake, alimsindikiza mwishoni akiwa na kandambili miguuni, akiufuata mwendo wa bibi.