Filamu Nyepesi na Kicheko Chetu

Wamezoea baadhi ya wahakiki wetu kuipima sanaa kwa wingi wa machozi yake. Hadithi ikibeba msiba huitwa kazi nzito. Ikibeba mapenzi, mzaha na harusi huitwa upuuzi wa vijana, na kalamu huwekwa chini. Mimi siafiki. Kicheko ni mali ya jamii kama ulivyo ujuzi wa kulima mpunga au kusuka ukili, na mali ya jamii yapasa ikaguliwe. Kwa hiyo nakusudia kuitazama hapa filamu nyepesi kabisa, Disconnect: The Wedding Planner, iliyoongozwa na Tosh Gitonga wa Kenya na kuenezwa na Netflix mwaka 2023.

Kisa chake ni chepesi kama wishwa. Kijana Otis ametapeliwa. Ili ajiokoe anajitwika kazi ya kuandaa harusi ya anasa kwa ajili ya mwekezaji mkubwa, hali siku zinakimbia. Basi, ndiyo hayo. Walakini mwongozaji huyu si mtu wa kudharauliwa. Ndiye aliyetuletea Nairobi Half Life mwaka 2012, filamu chungu ya kijana anayeutafuta uigizaji mjini akaukuta ujambazi. Akichagua wepesi, huchagua kwa kujua.

Kulaghaiwa kwenyewe si jambo geni katika sinema zetu. Katika miaka ya 1950, Waingereza wakingali wanatawala, ilitengenezwa Muhogo Mchungu, mzaha wa mshamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mji. Aliyeigiza humo ni Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mtumishi wa serikali, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. (Nalitaja hili kwa faida ya maofisa wenzangu wanaodhani kwamba mzaha humvunjia mtumishi heshima.) Filamu ile ilikuwa na ila yake: aliyechekwa ni mtu wa shamba, na mkono wa mkoloni haukuwa mbali. Lakini ilinena Kiswahili, na yule yule aliyechekwa aliweza kuelewa anachekewa nini.

Otis hatoki shamba. Ni mtu wa mjini anayemkimbilia mwenye mtaji, na harusi kwake ni mradi. Vichekesho vya mapenzi vya Ulaya, tangu enzi za Shakespeare, aghalabu humalizikia harusini. Huko harusi ni tuzo ya waliopendana. Hapa harusi ni bidhaa, na anayeihangaikia si mwenye kuoa. Naona hapo ndipo filamu hii ilipokaribia kusema jambo kubwa juu ya miji yetu ya leo, ambapo sherehe hutangulia na nyumba hufuata baadaye, kama itafuata.

Niliitazama Chumbi, ng'ambo ya kusini ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Huku harusi hungoja mpunga. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, nyumba yenye binti aliyekwisha kuposwa ilijua hasara yake haikuishia ghalani. Kwa watu wa namna hii harusi ni mshenga, ni kilemba cha baba na mkaja wa mama, ni wajomba wanaonuna kwa kutoarifiwa mapema. Tena ni watani. Mtani huingia shughulini bila kualikwa, akamkejeli bwana harusi mbele ya wakwe, akadai kuku, na hakuna awezaye kumkasirikia, kwa kuwa mzaha wake ni haki na vilevile ni wajibu: huyo huyo ndiye atakayehudumu siku ya msiba. Kicheko chake kina mwenyewe. Mwenye kukicheka anajua ukoo wa anayekitoa.

Tulikuwa kama watu kumi na wawili mbele ya runinga ya dukani, iliyounganishwa na simu ya mpwa wangu. Filamu huchanganya lugha, lakini Kiingereza ndicho kilichoshika usukani. Wazee wakaanza kusinzia. Ndipo mpwa wangu alipoanza kutafsiri, kwanza kwa uaminifu, kisha kwa uhuru, kama walivyofanya wale wasimulizi wa vibanda vya video, akina Lufufu wa Dar es Salaam, waliozigeuza filamu za kigeni kuwa hadithi za Kiswahili. Otis akapewa kabila, tena kabila la watani wetu. Mwekezaji akawa mnunuzi wa mpunga asiyelipa. Bibi mmoja akauliza ni nani aliyetumwa kuwa mshenga. Akajibiwa kuwa mshenga amekimbia na mahari. Duka zima likaangua kicheko, na bibi akacheka kuliko wote.

Nasema bila kusita kwamba maneno bora ya usiku ule hayakuandikwa Nairobi. Lakini nasema pia kwamba yasingepata pa kukaa kama filamu ile isingekuwa nyepesi. Filamu nzito isingemruhusu mpwa wangu kupachika neno hata moja.

Wala Kiswahili hakishindwi kubeba mapenzi kwenye sinema. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, yatosha kuwa ushahidi. Na Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huo huo, imewaonyesha wanawake wanne wa Dar es Salaam katika Netflix hiyo hiyo. Zote mbili, hata hivyo, zina uzito. Mzaha wa mapenzi kwa Kiswahili safi, wenye mshenga na mtani ndani yake, bado nausubiri katika mitambo hiyo.

Siku ya pili yake niliwakuta vijana wawili chini ya mwembe, karibu na lile duka. Walikuwa wakiitazama filamu ile ile, kila mmoja kwa simu yake, vidude vya kusikilizia masikioni. Mmoja alicheka. Mwenzake alicheka baada ya kitambo.