Wawili Kati ya Watatu

Ukifungua programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java na kuhifadhi data zake kwenye hifadhidata ya Cassandra, sehemu inayoziunganisha ni fupi ajabu. Anwani mbili tatu za seva, mlango 9042, jina la kituo cha data, basi. Wengi huiruka wakakimbilia kurasa na vitufe. Mimi huanzia hapo, maana hapo ndipo fundi anapojulikana.

Cassandra ilizaliwa Facebook mikononi mwa Avinash Lakshman na Prashant Malik, ili watu waweze kutafuta ndani ya jumbe zao. Msimbo wake ukatolewa hadharani 2008. Lakshman alikwisha kushiriki kuijenga Dynamo, hifadhi ya data ya Amazon, na nasaba hiyo haijifichi: hakuna seva iliyo bwana wa nyingine. Ndiyo sababu zile anwani ni za kubishia hodi tu. Kiendeshi, yaani maktaba inayozungumza na Cassandra kwa niaba ya programu, kikishapokelewa na seva moja, huiuliza wenzake wako wapi, kisha hujifungulia njia za kuwafikia.

Fundi mzuri hufungua muunganisho mara moja, programu inapoamka, akaugawa kwa nyuzi zote, na kuufunga programu inapozimwa. Kuna misimbo inayofungua mpya kwa kila ombi la kivinjari. Asubuhi yenye wateja wachache hakuna anayegundua. Wakishamiminika, seva inatumia nguvu zake kusalimiana badala ya kufanya kazi. Maswali nayo huandaliwa mara moja, yakiwa na alama ya kuulizia mahali pa thamani. Kiendeshi hupata kujua ni kipi ufunguo wa mgawanyo, hukokotoa tokeni yake, na kwenda moja kwa moja kwa seva yenye nakala.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye akidi. Tuseme mteja amebadilisha namba yake ya simu, na data yake ina nakala tatu kwenye seva tatu. Nani athibitishe kwamba imeandikwa? Ukiridhika na mmoja, jibu linarudi haraka, ila ukurasa unaofuata unaweza kusomwa kwa seva ambayo habari haijaifikia: mteja anaona namba ya zamani, anabonyeza tena, anaanza kununa. Ukidai wote watatu, seva moja ikizimika umekwama. Mkutano wa ushirika hausubiri wanachama wote, husubiri akidi, na hapa ni hivyo hivyo: waandike wawili, wasomwe wawili. Mbili na mbili ni nne, nne yazidi tatu, kwa hiyo katika wale wawili unaowasoma hakosi mmoja mwenye habari mpya. Wakipishana, mwenye muhuri wa muda wa karibuni ndiye anayesadikiwa, na hapo ole wako kama saa za mashine zako hazipatani.

Kinachonipendeza ni kwamba uamuzi huo umeachwa kwa mwandishi wa programu, swali kwa swali. Kiendeshi cha Java, kisipoambiwa lolote, huridhika na nakala moja. Kwa idadi ya waliotazama picha, inatosha. Kwa salio la fedha hata akidi haitoshi, maana maombi mawili yanaweza kusoma salio lilelile kwa pamoja na kila moja likakata. Hapo huandikwa sharti la IF, na nakala zikaingia kwenye mapatano ya Paxos yanayoongeza safari za mtandaoni. Ghali, lakini deni la mteja ni ghali zaidi.

Kisha kuna ukimya. Programu imetuma, muda umekwisha, jibu halikuja. Imeandikwa au haikuandikwa? Tuseme ombi linarudiwa. Namba ya simu ikiandikwa mara mbili haidhuru. Kihesabio kikiongezwa mara mbili kimesema uongo. Kiendeshi hakiwezi kuzitofautisha kazi hizi mbili chenyewe. Ni fundi anayelipitia kila swali na kuyatia alama yale yanayoweza kurudiwa bila madhara.