Filamu na Kipimo cha Dawa

Katika kuizungumzia sanaa ya filamu, wahakiki wetu wamezoea kuuliza maswali mawili: je, filamu inaburudisha, na je, inaadilisha? Swali la tatu huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: je, filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya burudani yaweza kuingizwa darasani na kumfunza mwanafunzi jambo la sayansi lenye kuhitaji usahihi? Swali hilo si la kubuni. Katika vyuo vya nchi za nje, hasa nchini Hispania, walimu wa famakolojia, yaani elimu ya dawa na utendaji wake mwilini, wamewaonyesha wanafunzi wa udaktari filamu zipendwazo na umma na kuzijadili pamoja nao. Tangu mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Salamanca kimekuwa na jarida zima linalohusu tiba na filamu.

Katika makala haya tunakusudia kuipima njia hiyo kwa mizani ya mazingira yetu wenyewe. Rai yetu ni kwamba filamu yaweza kuwa msaidizi mwema wa mwalimu wa elimu ya dawa, lakini kwa sharti moja: mwalimu arudishe darasani vile vitu viwili ambavyo filamu kwa desturi huviacha nje, navyo ni muda na kipimo.

Filamu si mgeni katika shughuli za kufundisha afya nchini mwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika, na makao ya jaribio hilo yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Miongoni mwa mambo yaliyofundishwa na filamu hizo ni ugonjwa wa safura. Baadaye, kuanzia mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya filamu kwa makoloni yake. Wakuu wa kazi hiyo walishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha nyepesi, za mwendo wa polepole, eti kwa kuwa akili yake haiwezi kufuata zaidi ya hapo. Hilo lilikuwa kosa la kumdharau mtazamaji. Wenyeji hawakukawia kuonyesha kwamba sanaa hii wanaimudu. Katika filamu ya Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 alicheza kijana Rashidi Kawawa, aliyesoma katika shule ya serikali ya Tabora, na ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Filamu za biashara za zama hizi zina kosa lililo kinyume cha hilo, nalo ni kumbembeleza mtazamaji. Mgonjwa amelala kitandani, chupa ya maji imetundikwa juu yake, ndugu wanalia. Daktari anaingia, anachoma sindano, na kabla machozi ya mama hayajakauka mgonjwa amefumbua macho. Jina la dawa halitajwi. Kiasi chake hakijulikani. Dawa katika filamu za namna hiyo ni tukio: imetolewa, imefanya kazi, basi. Ama katika elimu ya dawa, dawa si tukio bali ni mwenendo. Mwili huipokea dawa, huisambaza, huibadilisha na kuitoa, na kila hatua ina saa zake. Mwanafunzi asiyezijua saa hizo hajaijua dawa, hata kama amekariri jina lake.

Tuchukue mfano wa mahali ili hoja yetu isielee hewani. Ziba ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma. Nchi hiyo ndiyo iliyotoa wapagazi mashuhuri wa misafara ya karne ya 19, waliobeba mizigo kati ya pwani, Unyanyembe na Ujiji. Dawa nazo zilikuwa mizigo. Mnamo Januari 1867 Daktari Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa baada ya kutorokwa na baadhi ya wasafiri wake, naye akaandika katika kumbukumbu zake kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo. Mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, akingojea wapagazi, na mwaka uliofuata alifariki. Vidonge alivyozoea kutumia dhidi ya homa vilichanganya kwinini na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Kwinini ilikuwa dawa ya kweli ya malaria. Zebaki ni sumu. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kidonge kimoja. Mwaka 1939 Wamarekani walitoa filamu juu ya Stanley na Livingstone, nayo imejengwa juu ya safari na mkutano wa Wazungu wawili. Kwa mwalimu wa elimu ya dawa, hata hivyo, kisa kikubwa zaidi kimo ndani ya lile sanduku.

Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa na elimu yao ya dawa, ambayo Wasukuma na Wanyamwezi huiita bugota. Hatudai kwamba kila mzizi uliponya. Lakini tunasisitiza jambo moja: mganga wa jadi hakutoa dawa bila masharti. Hii inywe asubuhi kabla ya kula, ile ioshwe kwa siku kadhaa, na katika muda huo mgonjwa asile kitu fulani. Mgonjwa alijua kwamba kuvunja sharti ni kuiharibu dawa. Kijana wa Ziba anayetazama filamu za leo haoni dawa yenye masharti. Kwa hiyo filamu inaweza kumrudisha nyuma katika jambo ambalo babu yake alilielewa.

Madhara yake hayahesabiki kwa nadharia. Tangu mwaka 2006 nchi yetu iliichagua dawa ya mseto, ALu, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mara 6 katika siku 3. Dozi ya pili huja saa 8 baada ya ile ya kwanza, na inafaa dawa iliwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwani sehemu moja ya mseto huo hufyonzwa vizuri kwa msaada wa mafuta. Siku ya pili homa mara nyingi huwa imeshuka. Hapo ndipo mgonjwa huamua kwamba amepona, akaweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Amefanya kama alivyoona katika filamu: mgonjwa akifumbua macho, kisa kimekwisha.

Sasa tuangalie filamu chache ambazo, kwa maoni yetu, zastahili kuingia darasani.

Ya kwanza ni The Third Man ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Carol Reed. Kisa chake kinatokea mjini Vienna baada ya Vita Kuu ya Pili. Harry Lime hufanya magendo ya penisilini, akiizimua ili aongeze faida, na watoto waliotibiwa kwa dawa hiyo wanaangamia. Msanii ametumia busara kubwa: anatupeleka hospitalini, lakini watoto wenyewe hatuonyeshwi. Tunaona vitanda na nyuso za watu wazima wanaovitazama. Hapa kipimo cha dawa ndicho kiini cha uovu. Dawa ni ile ile, jina ni lile lile, ila nguvu imepunguzwa, na upungufu huo unaua. Mwalimu na asiishie kumlaani Harry Lime. Na awaulize wanafunzi: yule anayekatisha dozi siku ya pili, je, hajaizimua dawa yake kwa mkono wake mwenyewe? Na muuzaji wa duka anayekubali kumuuzia mtu vidonge viwili vitatu kwa kuwa fedha haikutosha, yeye ni nani katika kisa hiki?

Ya pili ni Awakenings ya mwaka 1990, iliyotokana na kitabu cha Daktari Oliver Sacks. Wagonjwa wake wameganda kwa miaka mingi kutokana na ugonjwa wa ubongo ulioenea duniani mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwalimu hana budi kueleza mapema kwamba ugonjwa huo, ingawa nao umehusishwa na usingizi, si malale yaletwayo na mbung'o katika mapori yetu ya magharibi. Daktari anaijaribu dawa ya levodopa. Anaanza na kipimo kidogo, haoni badiliko, anaongeza, na wagonjwa wanaamka. Filamu dhaifu ingekoma hapo. Hii inaendelea: mwili unaanza kutikisika bila hiari, nafuu inapungua, na furaha ya wodi nzima inageuka kuwa huzuni. Hapa mtazamaji anajifunza kwamba dawa ile ile iliyomwinua mgonjwa yaweza kumsumbua, na kwamba mafanikio ya juma la kwanza si hukumu ya mwisho. Hii ndiyo filamu tunayoithamini kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake muda umeachiwa ufanye kazi yake.

Ya tatu ni ya kwetu: Chumo ya mwaka 2011, filamu ya Kiswahili ambamo kisa cha mapenzi kimefungamanishwa na hatari ya malaria kwa mama mjamzito. Sifa yake ni lugha na mazingira. Mtazamaji wa Ziba hahitaji mkalimani. Lakini mwalimu akumbuke kwamba sayansi haisimami. Mwaka 2012, yaani mwaka mmoja tu baada ya filamu hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo jipya kwamba dawa ya SP itolewe katika kila hudhurio la kliniki kuanzia muhula wa pili wa mimba, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi baina ya dozi. Filamu hubaki kama ilivyopigwa. Mwongozo wa tiba hubadilika. Mwanafunzi ajue tarehe ya vyote viwili.

Tungependa pia Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, itazamwe upya. Inamhusu mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi na hatimaye kupelekwa kwao. Ni filamu iliyomheshimu mgonjwa wa Kitanzania pamoja na hofu yake, na mjadala juu ya masharti ya dawa waweza kuanzia hapo.

Wapo watakaopinga kwamba filamu ni upotezaji wa saa za masomo. Hoja hiyo ina uzito iwapo mwalimu atawasha mashine na kukaa kimya. Ndiyo maana tunapendekeza zichaguliwe sehemu fupi, mwalimu asimamishe picha pale dawa inapotolewa, na wanafunzi wajibu maswali: ni dawa gani, kwa ugonjwa gani? Ni kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi? Mwili unaifanya nini, nayo inaufanya nini mwili? Ingekuwaje kama mgonjwa angekuwa mtoto au mjamzito? Filamu imeficha nini? Kazi hii yafaa kwa wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili na kwa vijana wa chuo cha afya cha Nkinga, wilayani Igunga. Na kwa maswali mepesi zaidi yafaa pia katika masomo ya baiolojia ya shule za sekondari.

Nao wasanii wetu tunawaomba kidogo tu. Daktari wa filamu anapompa mgonjwa dawa, na aseme imezwe mara ngapi na kwa siku ngapi. Mgonjwa na aonekane akiimeza tena siku ya tatu, hali amekwisha pata nafuu. Tukio kama hilo litachukua nusu dakika. Mama wa Ziba atakayeliona huenda akampa mwanawe vidonge vyote mpaka cha mwisho.