Mérida na Neno "Mchanganyiko"

Waandishi wa habari za mji wa Mérida, katika jimbo la Yucatán huko Meksiko, hupenda kusema kwamba utamaduni wake ni mchanganyiko wa Kimaya na Kihispania. Usemi huo si wa uongo, lakini hautoshi. Mchanganyiko ni neno la upole: halituambii nani alichanganya na nani alichanganywa, wala kila upande ulitoa nini na ulinyang'anywa nini. Katika makala haya tutaupima usemi huo kwa majengo, kwa chakula, na hasa kwa lugha.

Mji huo uliasisiwa na Francisco de Montejo, mwana, tarehe 6 Januari, 1542, juu ya mji wa Wamaya ulioitwa T'ho. Wahispania hawakukuta uwanda mtupu. Walikuta majengo makubwa ya mawe, wakayabomoa, na kwa mawe yayo hayo wakajenga mji wao pamoja na kanisa kuu lililomalizika mwaka 1598. Kwenye uso wa nyumba ya Montejo, iliyojengwa katika miaka ya 1540, wamechongwa askari wawili wenye silaha, nao wamesimama juu ya vichwa vya watu. Wako wasemao kuwa ni vichwa vya Wamaya, na wako wakanao. Vyovyote iwavyo, michoro hiyo ni ya ushindi, wala si ya watu walioketi pamoja wakapatana.

Jikoni mambo ni mengine. Chakula kiitwacho cochinita pibil ni nyama ya nguruwe iliyotiwa maji ya danzi na kiungo chekundu cha zingefuri. Nguruwe na danzi waliviletа Wahispania. Zingefuri ni ya nchi ile ile, na shimo la kuokea ardhini, liitwalo pib kwa Kimaya, ni la wenyeji. Hapa mwenyeji amepokea kitu kigeni na kukitawala kwa desturi yake. Kwa hiyo mchanganyiko wa jikoni haulingani na ule wa majengo, ingawa waandishi huviita vyote kwa jina moja.

Lakini ushahidi ulio bora ni wa lugha. Katika Kihispania cha Mérida mna maneno mengi ya Kimaya: tuch, yaani kitovu, xik', yaani kwapa, mulix, yaani mwenye nywele za kujisokota, xix, yaani masimbi au makombo yabakiayo (na hiyo x husomwa kama sh yetu). Mtu hasemi tu "kukumbatia", bali husema "kufanya loch". Haya ni maneno ya mwili na ya nyumbani, ambayo mtoto huyasikia kabla hajajua kusoma. Kimaya nacho kimekopa: ng'ombe huitwa wakax, kutokana na neno la Kihispania vacas, na katika mazungumzo ya kila siku hesabu ipitayo nne kwa kawaida hutajwa kwa Kihispania, ingawa mababu wa Wamaya walikuwa na hesabu ya ishirini-ishirini na alama ya sifuri. Basi Kimaya kimeingia katika Kihispania kwa njia ya malezi, na Kihispania kimeingia katika Kimaya kwa njia ya mifugo na biashara. Mikopo ya pande mbili haina cheo kimoja.

Litazamwe pia neno mestizo. Kwingineko Meksiko maana yake ni chotara. Yucatán, mestiza ni mwanamke avaaye huipil, vazi jeupe lililotariziwa maua, naye mara nyingi ni Mmaya na Kimaya ndicho lugha yake. Hivyo mwenyeji mwenyewe ameitwa chotara, na jina la kabila lake limefunikwa.

Sisi wachunguzi wa Kiswahili twalijua jambo hili. Lugha yetu nayo iliitwa chotara kwa wingi wa maneno yake ya Kiarabu, hata wataalamu walipoonyesha kuwa sarufi yake ni ya Kibantu. Kimaya vilevile kimekopa maneno bila ya kuacha kuwa Kimaya.

Mwaka 2003 sheria ya Meksiko ilizitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa, sawa na Kihispania. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wasemaji wa Kimaya zaidi ya 770,000 nchini. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2010, sanamu ya akina Montejo, baba na mwana, ilisimamishwa Mérida kwenye barabara iitwayo kwa jina lao, na wako walioipinga. Anayetaka kuusifu mchanganyiko wa mji huo hana budi kwanza kuuliza kama Mmaya aweza kushtaki, kutibiwa na kusomesha watoto wake kwa Kimaya. Hapo ndipo sifa hiyo itakapothibitika au kukanushwa.