Majina Yetu Yanaporudi Nyumbani: Vitabu na Vibonzo vya The Lion King

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi za sayansi, sheria na utawala. Safari hii tunaomba radhi ya wasomaji tuzungumzie jambo ambalo kwa wengine laweza kuonekana ni la watoto tu, nalo ni majina ya wahusika katika vitabu na vibonzo vilivyotokana na filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994.

Jambo lenyewe tulilikuta Mwisenge, mjini Musoma. Mwalimu mmoja alikuwa na kitabu cha picha cha hadithi hiyo, kilichoandikwa kwa Kiingereza, naye akawasomea watoto wa darasa la tatu huku akikifasiri papo hapo. Alipofika mahali Simba anapomkimbilia baba yake, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, simba yupi?" Wenzake hawakumcheka, kwani katika picha ile simba walikuwa wanne. Mwalimu alirudia sentensi yake, akanyoosha kidole kwenye picha, akaendelea. Swali la mtoto yule ndilo chanzo cha makala haya.

Mwisenge ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Julius Nyerere alianza shule hapo mwaka 1934, na baadaye akawa mfasiri wa tamthilia za Shakespeare. Katika tafsiri yake ya mwaka 1969, Julius Caesar akawa Juliasi Kaizari. Yaani jina geni lilivikwa sauti za Kiswahili likakaribishwa. Kazi iliyo mbele yetu ni kinyume cha hiyo. Majina haya yalitoka kwetu, yakaenda Marekani, na sasa yanarudi yakiwa ndani ya Kiingereza.

Kwa msomaji wa Chicago, Simba, Rafiki, Sarabi na Pumbaa ni sauti tamu zisizo na maana. Kwetu sisi ni mnyama, mwandani, mazigazi na kitenzi cha kuduwaa. Wakati huohuo, Mufasa na Nala si maneno ya Kiswahili, na Banzai ni ukelele wa Kijapani. Kwa hiyo msomaji wetu hukuta wahusika ambao baadhi yao majina yao yananena na wengine majina yao yamenyamaza, bila ya sababu yoyote iliyomo katika hadithi.

Yamkini msomaji atapinga kwamba Simba ni jina la kawaida la watu, na kwamba klabu ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilichukua jina hilo mwaka 1971 bila ya mtu kuchanganyikiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini uwanjani hakuna simba wa porini. Kazi ya jina ni kutofautisha. Likiwa sawasawa na jina la jamii nzima ya wahusika, limekoma kuifanya kazi hiyo.

Wengine hutegemea herufi kubwa. Katika kitabu cha maelezo herufi hiyo husaidia kidogo. Katika kibonzo haisaidii hata kidogo, kwa sababu desturi ya vibonzo vingi vya Marekani ni kuandika maneno yote kwa herufi kubwa. Zaidi ya hayo, kiputo cha maneno hakina nafasi ya maelezo ya mfasiri. Na mwalimu asomapo kwa sauti, herufi kubwa haisikiki.

Jina la hadithi nalo lina mtego wake. Ukifasiri "Mfalme Simba", umekwisha kumwambia mtoto, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, kwamba yule mwana aliyefukuzwa atatawala.

Zipo hitilafu nyingine zinazostahili kutajwa:

(a) Shenzi, yule fisi jike. Neno hili likisimama peke yake bila kiambishi ni tusi ambalo walowezi waliwatupia wazee wetu. Halifai kutiwa katika kitabu cha mtoto kana kwamba ni jina tu.

(b) Scar. Mfasiri wa hadithi ya 1994 atamwita Kovu, naye atakuwa amefanya sawa. Lakini katika filamu ya pili, ya mwaka 1998, kuna kijana ambaye tayari anaitwa Kovu. Mfasiri anayekwenda kitabu kwa kitabu atajikuta ana wahusika wawili wenye jina moja.

(c) Taka. Katika mfululizo wa vitabu sita uliotolewa mwaka 1994 tunaambiwa kwamba Scar aliitwa hivyo alipozaliwa, na filamu ya mwaka 2024 imelitumia tena jina hilo. Majina kama Shida, Tabu na Mashaka tunayo, na yana sababu zake. Lakini mtoto wa mzazi aitwaye Ahadi kuitwa uchafu ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo hayamo.

Hatusemi kwamba jina lenye maana ni kosa. Waandishi wa vibonzo vyetu wameufanya ufundi huo kwa miaka mingi. Ndumilakuwili wa jarida la Sani analijulisha kila mtu jambo moja kwa jina lake: usimwamini. Tofauti ni kwamba aliyempa jina hilo aliijua maana yake na akaitumia.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mfasiri aandae orodha ya majina yote ya mfululizo mzima kabla ya kufasiri ukurasa wa kwanza. Pili, jina linalogongana na nomino ya kawaida libadilishwe kwa neno la Kiswahili lenye kazi katika hadithi. Mathalani, mtoto wa simba kwa Kiswahili ni shibli. Mhusika mkuu na aitwe Shibli tangu kuzaliwa hadi uhamishoni, na aitwe Simba siku atakapopanda mwambani kutawala. Hapo neno letu litakuwa limeifanyia hadithi kazi ambayo Kiingereza hakikuweza kuifanya.

Itasemwa kwamba majina haya ni mali ya kampuni, na mfasiri hana ruhusa ya kuyagusa. Ni kweli kwamba maneno "hakuna matata" yaliandikishwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini malalamiko dhidi ya jambo hilo. Lakini alama ya mavazi haimzuii mtu kusema lugha yake. Kuhusu majina ya wahusika, mahali pa kujadiliana ni kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Mfasiri aliye kimya wakati huo atalazimika kunyoosha kidole kwenye picha, kama alivyofanya yule mwalimu wa Mwisenge.

Walimu na wafasiri waliokutana na tatizo la namna hii wanaombwa watuletee mifano yao na majina waliyoyachagua, ili yajadiliwe katika matoleo yajayo.