Kwa nini ndege ya Mto Kongo haikufika Katanga

Tarehe 1 Julai 1920, shirika la Kibelgiji la SNETA lilifungua njia ya anga iliyopewa jina la Mfalme Albert, LARA kwa kifupi, kutoka Kinshasa hadi N'Gombe. Mwaka uliofuata ikafika Lisala, kisha Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Juni 1922 ikafungwa. Elisabethville, Lubumbashi yetu hapa Katanga, haikuwahi kuiona, na ukichunguza chombo chenyewe utaelewa kwa nini.

Kilikuwa chombo cha vita. Lévy-Lepen ilitoka Argenteuil, Ufaransa, mwaka 1917, kwa ajili ya jeshi la majini. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, tumbo la mbao lenye umbo la mashua, na injini moja ya Renault ya nguvu za farasi zipatazo 280. Injini ilifungwa juu, katikati ya mabawa, propela ikitazama nyuma ili maji yanayoruka yasiifikie. Ilibeba watu watatu tu. Vita vilipokwisha, nafasi ya askari ikawa ya abiria, naye alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni hadi mwisho wa safari.

Kwangu mimi, ustadi wa LARA ulikuwa katika kupanga vituo. Kutoka Kinshasa hadi N'Gombe ni kama kilomita 580. Ndege ilifikia kasi ya kilomita 145 kwa saa, na petroli yake ilitosha saa sita na nusu. Kwa mwendo wa kawaida, tuseme 120, safari hiyo inakula saa tano kasoro kidogo. Inabaki akiba ya saa moja na nusu hivi, kwa ajili ya upepo wa mbele au kuzunguka mvua. Injini ikizimika, na moja haina mwenzake, mto upo chini muda wote: ndiyo ramani, na ndiyo uwanja.

Lakini mto huohuo ulikuwa na madai yake. Mbao zinazolala majini hunywa maji, na kila kilo ya maji hunyang'anya nafasi ya barua au ya mtu. Ndege tupu ilikuwa na kilo 1,450, na uzito wake wa kuruka ulikuwa 2,350. Katika zile 900 za katikati, toa petroli, oili, rubani na fundi. Kinachobaki ndicho biashara yote. Ongeza joto la ikweta, linalopunguza nguvu ya mabawa. Hata utulivu wa maji ni adui: yasipokuwa na mawimbi hunata kwenye tumbo la ndege isichomoke, na wakati wa kutua rubani hawezi kukadiria amebakiza mita ngapi.

Sasa ilete Katanga. Kinshasa iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Lubumbashi imepita 1,200. Hapa hewa ni nyembamba kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani, na injini ya aina ile hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Na ingeshukia wapi? Mto wetu, Kafubu, hauna upana wala urefu wa kuchomokea. Mto Lualaba, huko Bukama, uko mbali, na reli ilikwisha kufika huko tangu 1918.

Kwa hiyo Sabena, shirika la ndege la Kibelgiji lililoundwa 1923, lilikuja kwetu kwa magurudumu. Ndege yake, Handley Page W8f, ilikuwa na injini tatu, jumla farasi wapatao 840 kwa uzito wa kilo 5,900 hivi: kila farasi mmoja alibeba kilo 7, wakati kwenye Lévy-Lepen alibeba zaidi ya 8. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, ila katika hewa ya Katanga ndiyo inayoamua kama ndege itapita juu ya miti. Bei yake ilikuwa ardhini: kati ya Kinshasa na Elisabethville ilibidi viwanja vifyekwe, ving'olewe visiki na visawazishwe, kisha kila msimu wa mvua nyasi zifyekwe upya.